Shajara ya sufuria ya mbwa: Kamanda, Mtajua na Popi

11 Januari 2025: Hali ilivyo kabla ya kugusa chochote

Nina mbwa watatu hapa nyumbani Nyegezi, Mwanza, na kila mmoja ana vituko vyake vya kula. Kamanda, dume lenye damu ya jamani shepadi upande wa mama, hatafuni. Anameza. Ukigeuka kufunga geti, chakula kimekwisha. Baada ya muda mfupi anakirudisha kikiwa mabonge mazima, kisha anakila upya bila haya. Mtajua, jike la kienyeji, hali kwenye sufuria kabisa: anachota tonge, anakimbia nalo hadi chini ya mpera, analitema, analila, anarudi kuchukua lingine. Akishiba anafukia lililobaki. Popi hajafikisha mwaka. Chakula anakila vizuri tu, ila akimaliza anakwenda kujiongeza udongo, mkaa na mavi ya mbuzi wa jirani.

Wageni hucheka. Mimi nimeacha kucheka tangu usiku mmoja wa Desemba, Kamanda alipovimba tumbo likawa gumu. Lilishuka lenyewe, lakini ndipo nilipoamua kuchukua daftari.

Chakula chao hadi leo ni ugali wa dona, dagaa, na mapanki ya sangara (mifupa inayobaki baada ya minofu kuondolewa) yakipatikana. Wanakula mara moja jioni, wote watatu kwenye sufuria moja. Kwa mwezi dona ni sh 52,000, dagaa 25,000, mapanki 8,000 na mkaa wa kupikia 15,000. Jumla sh 100,000.

Utaratibu niliojiwekea: nabadilisha kitu kimoja, naangalia, naandika, ndipo nagusa kingine. Nikibadilisha vitatu kwa mpigo sitajua kipi kimefanya kazi.

2 Februari 2025: Kamanda na kasi yake

Nimeanza naye kwa sababu yeye ndiye anayeweza kufa. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu wana ugonjwa wao wa tumbo kujaa hewa na kujisokota. Likishajisokota, damu haipiti, na bila upasuaji wa haraka mbwa hafiki asubuhi. Kula kwa pupa na kula mlo mmoja mkubwa kwa siku ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari hiyo, na Kamanda alikuwa nayo yote mawili.

Jaribio la kwanza lilikuwa la bure: mawe madogo ndani ya sufuria, ili alazimike kula kwa kuzungukazunguka. Mwanza mawe hayanunuliwi. Aliyatoa moja moja akayapanga pembeni, na moja likaingia kwenye magego nikasikia mlio ambao sikuupenda. Nikayaondoa jioni ileile. Jino la mbwa likivunjika ni gharama kuliko kila kitu kwenye ukurasa huu.

Jaribio la pili: jiwe moja laini, kubwa kuliko mdomo wake, lililochemshwa. Hapo kasi ilipungua kidogo. Kisha akagundua kwamba akisukuma sufuria kwa pua hadi ukutani inapinduka, jiwe linakwenda huku na ugali huku.

La tatu: trei ya kuokea keki ndogo, yenye vishimo, sh 9,000. Aliichukua mdomoni ikiwa na chakula chake akaondoka nayo.

Kilichofaa ni sinia pana la alumini, sh 14,000, likiwa limekaa ndani ya tairi kuukuu la gari nililopewa bure gereji. Tairi linalibana, halipinduki wala halibebeki. Ugali naupika laini, kama uji mzito, nautandaza hadi unene wa kidole na kuuacha upoe ushike. Hapo hawezi kuchota bonge. Analazimika kukwangua kwa meno na ulimi, na kwa mara ya kwanza nimemwona akitumia muda mrefu kwenye chakula kuliko mimi kwenye changu.

Pia nimegawa mlo: nusu asubuhi, nusu jioni. Kurudisha mabonge kumekoma isipokuwa siku akicheza mara tu baada ya kula, kwa hiyo sasa hafunguliwi hadi apumzike.

Fundi seremala alinishauri nimtengenezee stuli ya kuinulia chakula, sh 20,000, ili asiiname. Nimekataa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walifuatilia mbwa wa aina kubwa na mwaka 2000 wakaandika kwamba vyombo vilivyoinuliwa vilihusiana na ongezeko la hatari ya tumbo kujisokota, si kupungua kwake. Chakula kinabaki chini.

Kwa atakayeiga: tofautisha kurudisha na kutapika. Mabonge mazima, mara tu baada ya kula, bila kujikamua tumbo, mara nyingi ni pupa. Maji ya njano, povu, au mbwa anayejaribu kutapika na hakitoki kitu huku tumbo limejaa, hapo usifungue shajara ya mtu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo usiku huohuo.

23 Februari 2025: Mtajua na tonge la kukimbia nalo

Kabla ya kutumia hela nilikaa barazani nikaangalia. Mtajua alikuja kwetu akiwa mkubwa, ametokea soko la samaki ambako mbwa aliyebaki juu ya chakula ananyang'anywa au anapigwa teke. Kwake tonge lililo mdomoni ndilo chakula, mengine ni ahadi. Hapa nako alikuwa anakula sufuria moja na Kamanda, yaani ahadi yenyewe ilikuwa nyembamba.

Nikampa chombo chake nyuma ya nyumba, mahali asipoonana na wenzake. Nilitegemea hilo litamaliza kazi. Aliendelea kukimbia, ila sasa njia ilikuwa ndefu zaidi kufika kwenye mpera.

Jibu la nusu lilitoka kwa mama mkwe, ambaye hapendi mbwa na alikuwa amekaa karibu akichambua mchele. "Baba, huyo anaogopa kengele yake mwenyewe," akasema. Nikasikiliza vizuri. Mtajua ana mkanda wa shingoni wenye kipande cha mnyororo, na kila akiinama mnyororo ulikuwa unagonga ukingo wa sufuria. Anagonga, anashtuka, anachota, anakimbia.

Nikatoa mnyororo. Nikabadilisha na sufuria: kwanza beseni la plastiki la sh 3,000, ambalo alilila lenyewe ukingo mzima kabla wiki haijaisha (plastiki ndani ya utumbo ni balaa jingine, sirudii), kisha chungu kipana cha udongo cha sh 4,000. Chungu hakipigi kelele, na ni kizito. Sasa anakula pale pale, isipokuwa tonge la kwanza. Tonge la kwanza bado linakwenda chini ya mpera kila siku. Nimemwachia. Halimdhuru yeye wala mtu yeyote.

Kukomesha kufukia kumekuwa rahisi zaidi. Mbwa anafukia ziada, kama wafanyavyo mbweha. Nilipunguza kipimo chake hadi akawa anamaliza, na mashimo yakakoma. Kumbe nilikuwa namlisha kwa ukubwa wa Kamanda. Faida ya pembeni: dona inayobaki kwa mwezi si haba.

Hicho chakula kilichofukiwa, kwa njia, ndicho kilichokuwa kinaleta panya ambao nilikuwa namlaumu jirani kwa ajili yao.

16 Machi 2025: Popi na udongo

Huyu amekula muda na pesa kuliko wote.

Kila mtu mtaani alikuwa na neno moja: madini. Mbwa anakula udongo kwa sababu amepungukiwa madini. Duka la pembejeo likaniuzia unga wa madini wa ng'ombe, sh 7,000, nikachanganya na ugali. Popi akaula ugali, akaula unga, akaenda kula udongo. Niliporudi dukani niliambiwa niongeze kipimo. Sikuongeza. Madini ya chokaa yakizidi kwa mbwa anayekua yanaharibu mifupa, na kipimo cha ng'ombe hakikuandikwa kwa ajili yake.

Nikabadilisha njia: badala ya kuuliza anakosa nini, nikaangalia anakula udongo upi. Hali kila udongo. Anakwenda sehemu mbili tu. Ya kwanza ni pale yanapomwagwa maji ya kuoshea dagaa na masufuria, udongo uliolowa mafuta na chumvi. Hapo hakuna fumbo, ni mchuzi tu. Nimechimba shimo la maji machafu na kulifunika kwa wavu na kokoto, sh 6,000, na sehemu hiyo ameisahau.

Ya pili ni ukingo wa msingi wa nyumba, udongo mkavu usio na harufu ya kitu. Hapo ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi. Kijana anayenisaidia kuwaogesha alimfungua mdomo akaniita: ufizi wa Popi ulikuwa mweupe, wakati wa Kamanda ni wa rangi ya waridi. Tukampeleka kwa daktari wa mifugo na kinyesi chake kwenye kichupa. Kipimo sh 10,000. Jibu: minyoo ya safura, mingi.

Minyoo hii inajishika kwenye ukuta wa utumbo na kufyonza damu. Mtoto wa mbwa anaipata hata kupitia maziwa ya mama yake, na mbwa aliyepungukiwa damu anaweza kuanza kula udongo, mawe au mkaa. Kwa hiyo "madini" haikuwa mbali sana na ukweli, ila lililopungua lilikuwa damu, na mwizi alikuwa ndani.

Dawa inatolewa kwa uzito. Mizani ya mbwa hatuna: nilipanda kwenye mizani ya duka nikiwa nimembeba, kisha peke yangu, nikatoa. Tembe kwa wote watatu, sh 15,000, na nyingine kama hizo baada ya wiki mbili, kwa sababu dozi ya kwanza haimalizi minyoo ambayo haijakomaa. Kupe nao wametolewa, maana nao wanakunywa damu ileile. Viluwiluwi wa safura ya mbwa hukaa kwenye udongo wenye unyevu na hupenya ngozi ya mtu asiyevaa viatu, hivyo watoto wa hapa nyumbani wamepewa amri ya ndala.

Ufizi umeanza kurudi rangi. Udongo wa msingi anaunusa, anaondoka. Mkaa bado, hasa wenye mafuta ya nyama choma, na kwa huo simlaumu.

Kitu kingine kilichojitokeza katika uchunguzi huu ni mchanga ndani ya dagaa. Dagaa wetu wengi wa ziwa wanaanikwa chini, mchangani. Nililoweka kilo moja kwenye beseni na kutazama kilichobaki chini: mchanga wa kujaza kiganja. Kwa hiyo mbwa wote watatu walikuwa wanakula udongo kila siku, ila Popi peke yake ndiye aliyekuwa anaonekana. Dagaa wa kichanja, walioanikwa juu ya wavu, wameniongezea sh 6,000 kwa mwezi. Bado nawaosha maji mawili.

6 Aprili 2025: Popi na mavi

Ruka sehemu hii kama unakula.

Niliyojaribu: nanasi ndani ya ugali, eti linafanya kinyesi kichukize. Kinyesi kilikuwa tayari kinachukiza, hilo halikuwahi kuwa kizuizi. Pilipili kichaa juu ya mavi ya mbuzi: alipiga chafya, akaendelea. Kumfokea: alijifunza kula haraka kabla sijafika, yaani nilimfundisha pupa ya Kamanda.

Benjamin Hart na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha mwaka 2018 matokeo ya kuwauliza wenye mbwa kuhusu tabia hii ya kula kinyesi cha mbwa. Asilimia 16 ya mbwa walikuwa wameonekana wakifanya hivyo mara kwa mara, na walafi walikuwa wengi zaidi kati yao. Dawa 11 za dukani zinazouzwa kwa ajili hiyo zilifaulu kwa asilimia kati ya 0 na 2. Nilipoisoma nilifuta kwenye orodha yangu poda ya sh 25,000 niliyokuwa nimeshawekewa dukani. Namba nyingine ndiyo iliyonipa njia: sehemu kubwa ya kinyesi kilicholiwa hakikuwa na zaidi ya siku mbili. Wenye utafiti wanadhani ni urithi wa mbwa mwitu, kusafisha pango kabla mayai ya minyoo hayajafikia hatua ya kuambukiza.

Basi dawa ni ufagio. Uwanja unafagiliwa alfajiri na jioni, kinatupwa shimoni, hakuna kinachokaa. Upande wa mbuzi nimeongea na jirani, tukagawana gharama ya wavu. Fungu langu sh 19,000. Mbuzi hawapiti tena.

Sababu ya kujisumbua hivi si aibu mbele ya wageni. Dundu wanaoviringisha mavi wanabeba mnyoo unaoitwa Spirocerca lupi. Mbwa akimla dundu, au akimla kuku au mjusi aliyemla dundu, mnyoo unajenga uvimbe kwenye koo la chakula, na uvimbe huo unaweza kugeuka saratani.

4 Mei 2025: Majani, kisha gunia la dona

Masika yameleta nyasi na wote watatu wanachunga kama ndama. Sijafanya kitu. Mbwa wengi wenye afya hula nyasi. Katika uchunguzi wa Davis wa mwaka 2008, chini ya mbwa mmoja kati ya kumi alionekana mgonjwa kabla ya kula majani, na takriban mmoja kati ya watano ndiye aliyetapika mara kwa mara baadaye. Ninachohakikisha ni kwamba hakuna aliyepulizia dawa ya magugu.

Jambo kubwa la mwezi ni Mtajua kugoma kula. Alinusa chungu, akakaa chini, akaniangalia. Nyumba nzima ikasema ameanza maringo kwa sababu ya dagaa wa kichanja. Kamanda alikula, Popi alikula, kwa nini yeye? Siku ya pili akagoma tena. Nikataka kumwacha na njaa hadi akubali, kama inavyoshauriwa kwa mbwa wenye kuchagua, ila kwanza nikamimina gunia la unga kwenye turubai.

Kati kulikuwa na mabonge yenye rangi ya kijani na harufu ya stoo. Lilikuwa gunia la bei nafuu. Wanaonunua sokoni wanajua: kuna mahindi yanayotengwa, yaliyooza au kupigwa mvua, na bei yake inashuka kwa maneno "ya mbwa hayo". Unga wangu ulitoka kwenye mahindi ya namna hiyo, nikaupenda kwa sababu uliniokolea sh 400 kwa kilo.

Ukungu unaoota kwenye mahindi yenye unyevu unaweza kutoa sumukuvu, nayo inaharibu ini. Kenya mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumukuvu na 125 wakafa. Mbwa hana ini la chuma kutuzidi sisi. Ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo kwa urahisi. Kupika ugali hakuiondoi. Na Mtajua hakuinusa sumukuvu, kwa maana sumu hiyo yenyewe haina harufu. Alinusa ukungu. Gunia linaweza kuwa na harufu nzuri na bado likaua, kwa hiyo pua yake si kipimo. Ila safari hii ilitosha.

Gunia zima limefukiwa, hasara sh 36,000. Kuku hawakupewa, maana mayai tunakula sisi. Sasa mbwa wanakula dona ileile tunayokula, iliyokauka vizuri, nanunua kidogokidogo na kuhifadhi juu ya mbao, si sakafuni.

Kwa wanaoniambia ugali si chakula cha mbwa: watafiti wa Uppsala, Uswidi, walionyesha mwaka 2013 kwamba mbwa wa kufugwa ana nakala nyingi zaidi za jeni ya kuvunja wanga kuliko mbwa mwitu. Amekula makombo yetu hadi mwili wake ukabadilika. Shida ni ugali mtupu. Penye nyama au samaki wa kutosha, hauna ubaya.

22 Juni 2025: Hesabu, na kilichobaki

Mapanki nimeyaacha. Mifupa ya sangara ni migumu, na kuichemsha hadi ilainike kulikuwa kunamaliza mkaa. Badala yake napika mapafu ya ng'ombe kutoka buchani. Yanapikwa hadi yaive ndani kabisa, hayatolewi mabichi hata mbwa wakililia. Mapafu na maini mabichi ndiyo yanayompa mbwa tegu, ambaye kutoka kwa mbwa huwapa watu uvimbe wa maji kwenye ini, ugonjwa uliowatesa sana Waturkana kaskazini mwa Kenya. Dawa ya minyoo ninayonunua sasa ina prazikwanteli, inayomuua tegu huyo. Si kila tembe ya minyoo inayo, soma boksi.

Makombo ya mezani yanachujwa: mchuzi wa vitunguu hapana, maana vitunguu vinavunja chembe za damu za mbwa. Zabibu za Dodoma hapana kabisa. Embe ndiyo, kokwa hapana. Mapera Mtajua anajiokotea mwenyewe.

Kwa mwezi sasa: dona 46,000, dagaa 22,000, mapafu 18,000, mkaa 11,000, na dawa ya minyoo nimeigawanya inakuja kama 5,000. Jumla 102,000. Vifaa vilivyofaa (sinia, chungu, shimo la maji, wavu) vimegharimu 43,000. Vilivyoshindwa (trei, beseni, madini) 19,000, ukiacha gunia.

Kamanda hajavimba tena. Mtajua bado ana tonge lake la kwanza. Popi ameongezeka uzito, ufizi ni mwekundu, udongo hagusi. Ila Alhamisi kipande cha sabuni ya mche kilipotea kwenye karo la kufulia, na Ijumaa asubuhi Popi alikuwa na povu mdomoni akitikisa mkia. Nilimpa maji mengi, akaharisha hadi jioni. Sabuni hizi hutengenezwa kwa mawese, na kwa pua yake hayo ni mafuta ya kupikia. Kwa sasa sabuni inakaa juu ya tenki, na karo limefunikwa kwa ubao.